Kabla ya Kununua Sehemu ya Kampuni ya Majengo ya Biashara, Omba Orodha ya Wapangaji

Wanachama wenzangu wanapoleta pendekezo la kuwekeza katika majengo ya biashara, kwa kawaida huja na picha za vioo vinavyomeremeta, ngazi za umeme na maegesho yaliyojaa magari. Nimesimamia maduka na ofisi za kupangisha jijini Nairobi kwa miaka mingi, na kwa kuwa mimi ndiye mweka hazina wa chama chetu cha kuwekeza pamoja, kazi ya kusoma taarifa za fedha za kampuni za aina hii huniangukia mimi. Picha hizo huziweka kando, kisha ninauliza ni nani anayelipa kodi humo ndani, mkataba wake unakwisha lini, na ikiwa ataondoka kesho, nafasi yake itachukuliwa na nani.

Mfano ninaoupenda kuwatolea ni wa Fahari, mfuko wa kwanza wa uwekezaji wa majengo kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Kanuni za Kenya za mwaka 2013 ndizo zilizofungua njia ya mifuko hii. Mwekezaji hununua vipande, yaani sehemu ndogo ndogo za mfuko, mdhamini hushikilia mali kwa niaba ya wenye vipande, na meneja huamua jengo gani linunuliwe, lipi liuzwe na kwa masharti gani. Mfuko unaomiliki majengo ya kupangisha unatakiwa kugawa angalau asilimia 80 ya mapato yake halisi kila mwaka, haupaswi kukopa zaidi ya asilimia 35 ya thamani ya mali yake, na badala yake umesamehewa ushuru wa mapato wa kampuni. Kwenye karatasi, huo ni mpango mzuri kwa mtu asiye na uwezo wa kununua hata duka moja.

Fahari iliuza vipande vyake mwishoni mwa mwaka 2015, ikiwa chini ya meneja Stanlib, kwa shilingi 20 kila kimoja. Ililenga kukusanya shilingi bilioni 12.5 na ikapata takriban bilioni 3.6. Sababu moja ilikuwa wazi kwa yeyote aliyefuatilia masoko wakati huo, kwa maana mwezi wa Oktoba mwaka huo hati za siku 91, ambazo serikali hukopea fedha za muda mfupi, zilikuwa zikilipa riba ya zaidi ya asilimia 20, na hakuna jengo la maduka nchini ambalo kodi yake ingeshindana na riba hiyo. Watu wengi hulipuuza jambo hili la mtaji kuwa mdogo, nami nalitilia mkazo kwa sababu mfuko uliozaliwa mdogo hubeba gharama za mfuko mkubwa. Meneja, mdhamini, msimamizi wa majengo, mthamini na mkaguzi wa hesabu wote hulipwa kabla ya mwenye kipande, na bili zao hazipungui kwa kiasi kilekile ambacho mtaji umepungua. Katika miaka yote ambayo Fahari ilikuwa sokoni, mgao wa mwaka haukuwahi kufika shilingi 1 kwa kipande, yaani chini ya asilimia 5 ya bei ya awali.

Zaidi ya nusu ya thamani ya mfuko ilikuwa katika jengo moja, Greenspan Mall mtaani Donholm. Yaliyobaki yalikuwa majengo madogo, likiwamo jengo la ofisi la 67 Gitanga Place katika eneo la Lavington, lililonunuliwa mwaka 2018. Watu wa masoko ya fedha wangeweza kudhani kwamba Lavington ndiyo yenye heshima, lakini mimi ningechagua Donholm bila kusita. Mitaa inayolizunguka jengo lile ina familia nyingi zinazonunua unga, mafuta na sabuni kila wiki bila kujali hali ya uchumi, ilhali ofisi ya kifahari yenye mpangaji mmoja hubaki tupu kabisa siku mpangaji huyo akihama.

Hata hivyo, Donholm ilikuwa na hatari yake, nayo ni mpangaji mkuu. Jengo la maduka hutegemea duka kubwa la vyakula kuvuta wateja, na maduka madogo ya simu, nguo na vipodozi huishi kwa wapita njia hao. Kwa sababu hiyo duka kubwa hulipa kodi ndogo zaidi kwa kila futi ya mraba na hupewa masharti laini, wakati mwenye duka dogo ndiye anayelipa kodi kali. Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa, ilipoporomoka kuanzia mwaka 2017, wenye majengo kadhaa nchini walijikuta na nafasi kubwa zilizo tupu katikati ya majengo yao. Miaka michache baadaye zamu ikawa ya Tuskys, kampuni nyingine ya aina hiyo, ambayo ndiyo iliyokuwa mpangaji mkuu wa Greenspan, hadi mshindani wake Naivas ilipochukua nafasi hiyo. Katika kazi yangu nimeshuhudia kwamba duka kubwa linapofungwa, wenye maduka madogo huja ofisini ndani ya wiki chache kuomba punguzo, na anayewanyima huwapoteza. Kwa hiyo unaposoma kwamba asilimia 90 ya jengo limepangishwa, tafuta pia ni asilimia ngapi ya kodi inayotoka kwa mpangaji mmoja, na kama mpangaji huyo huwalipa wauzaji wake kwa wakati. Duka linalocheleweshea wauzaji malipo litakuja kumchelewesha mwenye jengo pia.

Angalia vilevile muda wa mikataba. Nchini Kenya, mkataba wa duka, hoteli au mkahawa usiozidi miaka 5 huangukia chini ya Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, inayohusu wapangaji wa majengo ya biashara, ambayo humlinda mpangaji sana. Huwezi kumpandishia kodi wala kumtoa bila notisi rasmi ya angalau miezi 2, naye anaweza kuipinga mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara, ambako shauri linaweza kukaa kwa muda mrefu. Ndiyo maana mawakili wengi huandika mikataba ya miaka 5 na miezi 3, au miaka 6. Kampuni yenye wapangaji wengi wasio na mikataba iliyoandikwa haina mamlaka kamili juu ya kodi yake, hata kama hati ya ardhi iko salama benki.

Katika hesabu zenyewe, mimi huanza na taarifa ya mtiririko wa fedha, kisha ndipo ninarudi kwenye faida. Kanuni za uhasibu huitaka kampuni kusawazisha kodi inayopanda mwaka hadi mwaka, yaani kuigawa sawasawa katika miaka yote ya mkataba, hivyo katika miaka ya mwanzo ya mkataba faida huonyesha kodi ambayo bado haijalipwa. Ongezeko la thamani ya jengo nalo huingizwa kama faida, ingawa ni maoni ya mthamini na halilipi mgao wa mtu. Ukiyaondoa hayo mawili, ukatoa pia madeni ya wapangaji ambayo kampuni imekata tamaa ya kuyadai, picha hubadilika sana.

Jambo la mwisho ninaloliuliza ni njia ya kutokea. Kufikia mwaka 2023, vipande vya Fahari, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya meneja mwingine, ICEA LION, viliuzwa sokoni kwa shilingi 6 na ushei, ilhali thamani ya mali kwa kila kipande vitabuni ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hiyo. Mfuko uligeuzwa kuwa wa wawekezaji wa kitaalamu pekee, ambao kiwango cha chini cha kuwekeza ni shilingi milioni 5. Wawekezaji wadogo waliahidiwa shilingi 11 kwa kipande, na Februari 2024 vipande vikaondolewa kwenye soko kuu na kuhamishiwa kwenye jukwaa la dhamana zisizoorodheshwa. Ofa hiyo ilikuwa nono ukiilinganisha na bei ya sokoni, na ilikuwa hasara kwa aliyenunua kwa 20 mwaka 2015, hata ukimjumlishia migao yote.

Kwa sababu hiyo, kabla chama chetu hakijatia saini popote, ninampigia dalali wa hisa na kumuuliza ni vipande vingapi vilivyobadilisha mikono mwezi uliopita. Akinitajia idadi ndogo kuliko ile tunayokusudia kununua, ninawaambia wanachama wazihesabu fedha hizo kuwa zimefungwa hadi majengo yenyewe yauzwe, na kwamba karo za watoto za mwaka ujao zitafutwe kwingine.