Muulize Fundi Mziki: Moja ya Inchi 18 au Mbili za Inchi 15?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni DJ wa hapa Morogoro, napiga kicheni pati, sendofu, kipaimara na bethdei, nyingi zinakuwa nyumbani kwa watu uani chini ya turubai, chache kwenye kumbi ndogo, watu 100 mpaka 250 hivi. Nina spika mbili aktivu (zenye amplifaya ndani) za inchi 12 za kwenye stendi, zinasikika safi ila mziki unakuwa mkavu, ikiingia amapiano watu wanacheza lakini naona kabisa kuna kitu hakipo. Nimejichanga miezi nane, sasa nataka sabufa yenye amplifaya yake ndani. Dukani wamenionesha moja ya inchi 18 imeandikwa wati 3000, bei ya kawaida, na pembeni yake kuna ya inchi 15 ya kampuni kubwa imeandikwa wati 1020, bei karibu mara mbili. Mshkaji wangu anasema nichukue ya 3000 nisijiulize mara mbili. Usafiri wangu ni Noah na nabeba na dogo mmoja tu. Nisaidie kabla sijatoa hela. *(Msomaji, Morogoro)*

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na afadhali umeuliza mapema, maana swali lako hilo mimi nililijibu vibaya kwa hela yangu mwenyewe. Wakati naanza nilinunua sanduku la inchi 18 limeandikwa wati 2000 mgongoni, herufi kubwa kuliko jina la kampuni, nikaenda nalo kwenye sendofu, saa nne usiku watu wamekolea nikasikia harufu. Ile harufu ukishainusa mara moja huisahau, ni koili (ule waya ulioviringishwa ndani ya spika) inaungua, kama vanishi iliyowekwa kwenye jiko. Nikainama nikaweka kiganja kwenye tundu la hewa, upepo unaotoka ni wa moto. Dakika mbili baadaye kimya, zimebaki spika za juu zinalia peke yake, na mama wa bibi harusi ananiangalia. Kesho yake nikafungua na bisibisi nikakuta sumaku ndogo kama kisosi cha kikombe, na nyuma kwenye amplifaya fyuzi ya ampea 3. Hesabu ndogo tu, volti 230 mara ampea 3 ni wati 690. Amplifaya inaweza kuruka juu ya hapo kwa kufumba na kufumbua kwa sababu ina akiba ya umeme kwenye kapasita, lakini 2000 za usiku kucha hazina pa kutokea.

Kwa hiyo ile namba ya wati iweke pembeni kwanza. Nyingi zinazoandikwa kwa herufi kubwa ni wati za kilele, yaani nguvu ya mshtuko mmoja mfupi, siyo nguvu ya kufanyia kazi mfululizo, na kampuni zisizojulikana zinaandika wanachotaka. Hata kampuni zenye heshima huwezi kuzilinganisha kwa wati. Chukua QSC KS118, inchi 18, wati 3600 za kilele, na kampuni yenyewe inasema sauti ya juu kabisa ni desibeli (dB, kipimo cha ukubwa wa sauti) 136. Halafu chukua Yamaha DXS15 mkII, inchi 15, wati 1020, na wenyewe wanasema desibeli 135. Wati mara tatu na nusu, tofauti ya desibeli moja kwenye karatasi! Kila kampuni inapima kwa njia yake kwa hiyo nisikuapie kwamba masikioni ni hivohivo, ila umeona mwenyewe wati zinavyodanganya. Kinacholeta sauti ni sumaku, koili, koni, na sanduku lilivyopigiwa hesabu, wati ni chakula tu.

Namba mbili za kutafuta kwenye karatasi ya kiwandani ni hizi: inashuka mpaka hezi ngapi (mitetemo kwa sekunde, namba ikiwa ndogo ndo besi ya chini), na inafika desibeli ngapi. Kwenye hezi angalia wameandika kwa kipimo gani, kama ni "-10 dB" maana yake pale mwisho sauti imeshapungua sana, sikio linaisikia kama nusu, kama ni "-3 dB" hiyo ndo besi ya kweli. Waya mnene wa gitaa la besi ukiupiga wazi unatoa hezi 41. Yale magogo ya amapiano (ile besi ya "log drum") yanacheza maeneo hayohayo na mara nyingine yanateleza chini zaidi, ndo maana spika zako za inchi 12 zinakuacha mkavu, zile zinakupa kishindo cha dramu lakini lile vumbi la chini hazina pumzi ya kulitoa.

Sasa moja kubwa au mbili za kati. Hapa watu wengi hawajui kitu kimoja kizuri sana. Ukiongeza wati mara mbili kwenye sabufa ileile unapata desibeli 3 tu, tena kama spika inavumilia. Lakini ukichukua sabufa mbili zinazofanana kabisa ukaziweka zimegusana, zinasukuma hewa pamoja na unapata mpaka desibeli 6. Na uani ndo unazihitaji hizo desibeli kwa sababu nje hakuna kuta za kurudisha sauti, kila umbali ukiongezeka mara mbili unapoteza 6, yaani mtu wa mita 4 na mtu wa mita 16 wametofautiana desibeli 12. Ukumbini sabufa moja inajaza, uani hiyohiyo inaonekana imekata tamaa.

Kwa hali yako mimi ningenunua moja ya inchi 15 ya kampuni inayoeleweka leo, halafu ya pili ya modeli ileile, siyo ya kampuni nyingine, siyo ya inchi nyingine, ileile, ukishapiga shughuli za kutosha. Ya inchi 18 kwa kawaida inashuka chini zaidi, hilo silipingi, na kama ungekuwa unapiga klabu ya amapiano tupu ningekwambia chukua hiyo. Ila kumbuka mgongo. Hiyo DXS15 niliyoitaja ina kilo 36, KS118 ina kilo 47, na we uko na dogo mmoja, saa nane usiku, umechoka, mvua inaanza, unapandisha kwenye Noah. Nimeona DJ mzuri kabisa akiacha kubeba sabufa yake kwenda kwenye shughuli kwa sababu ya uzito, na sabufa iliyobaki nyumbani haina besi kwa mteja. Kabla ya kulipa inyanyueni pale dukani nyie wawili, angalia vishikio viko wapi, halafu ipime mlango wa Noah kwa futi.

Siku ya kwenda kununua nenda na spika zako za juu na flashi yako yenye nyimbo unazozijua mpaka kooni, na ziwe faili nzuri, siyo zile zilizobanwa mpaka besi imekuwa uji. Weka amapiano usikilize inashuka mpaka wapi. Halafu weka singeli, maana singeli inapita mapigo 200 kwa dakika, sabufa mbovu inachanganya pigo moja na linalofuata inakuwa mngurumo mmoja mrefu, nzuri utahesabu kila pigo. Rudi nyuma hatua kama nane, usisikilize ukiwa umeinamia sanduku. Pandisha taratibu mpaka taa ya limita (kinga inayozuia sauti isizidi) ianze kumulika, pale sikiliza kama tundu linapuliza "fyuu fyuu" au koni inagonga. Ikigonga kabla taa haijawaka, ondoka.

Na swali la mwisho la kumuuliza muuzaji: amplifaya ya ndani ikifa naipata wapi? Hii ndo shida ya aktivu, kwenye sabufa ya kawaida, isiyo na amplifaya ndani, amplifaya ikifa unaazima nyingine shughuli inaendelea, kwenye aktivu sanduku lote limelala. Kama hana jibu la kueleweka, na namba ya utambulisho ya mashine (serial number) haitambuliki ukiwaandikia kampuni wenyewe, hapo hata ingekuwa nusu bei usichukue.

Ukishaipata, waya kutoka kwenye mixa uingie kwanza kwenye sabufa, halafu kutoka sabufa uende kwenye spika za juu, ukiweka krosova (kigawanyo cha besi na sauti za juu) kwenye hezi 80 mpaka 100, na hakikisha hiyo njia ya kutokea inakata besi kweli, kuna sabufa zinapitisha kila kitu hivohivo. Utashangaa kitu kimoja, sauti ya MC itang'aa, kwa sababu zile inchi 12 zimetuliwa mzigo wa besi. Kwenye kicheni pati, ambako maneno ya somo ndo shughuli yenyewe, kina mama watakusifia kwa hilo kuliko besi.

---

SWALI: Habari ya kazi kaka. Nina sabufa mbili nzuri tu za inchi 18, naweka moja kulia moja kushoto kwa DJ ili ipendeze. Cha ajabu nikisimama katikati besi inanipiga kifuani, nikienda meza za pembeni besi hakuna, nikisogea hatua mbili inarudi. Nimeshabadilisha waya zote. Sabufa moja ni mbovu? *(Dada DJ, Tanga)*

JIBU: Nzuri dada, sabufa zako ni nzima kabisa, usimpe fundi hela. Kinachotokea ni mawimbi yanauana hewani. Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 60 lina urefu wa karibu mita 5.7. Mtu wa katikati anapata sabufa zote mbili kwa wakati mmoja, zinajumlishana. Mtu wa meza ya pembeni, kama sabufa moja iko karibu naye kuliko nyingine kwa kama mita 2.85, nusu ya wimbi, moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, akapata sifuri. Hatua mbili mbele hesabu inabadilika na besi inarudi, kama ulivoona.

Dawa ni bure, ziweke pamoja, zimegusana, katikati mbele ya meza yako, kama haiwezekani basi zote upande mmoja. Najua haipendezi kwenye picha kama kulia na kushoto, lakini besi ya chini hivo sikio halijui inatokea upande gani, watu watasikia inatoka kwenye spika za juu. Tena ukizisogeza mgongo kwenye ukuta imara wa tofali unapata besi ya nyongeza bila kugusa volyumu, ila uache nafasi ya viganja kama viwili nyuma kwa ajili ya joto la amplifaya. Ukishaweka, bonyeza kile kitufe cha polariti (kinachogeuza koni ianze kwa kusukuma au kwa kuvuta) cha sabufa zote mbili pamoja huku mtu anasikiliza katikati ya watu, upande utakaoleta besi nene zaidi ndo uache hapo. Na kwa hewa ya chumvi ya huko kwenu, ukirudi usiku usizifunike kava zikiwa na unyevu, ziache zipumue mpaka asubuhi, nimeona skrubu za amplifaya kutoka Pwani zimekula kutu kama nanga.

---

SWALI: Fundi, nikiwa umeme wa TANESCO sabufa yangu haina shida, nikipiga kwenye jenereta kila besi nzito ikipiga inazima sekunde mbili inawaka. Jenereta ni kilowati 2.5, mwenye nayo anasema inatosha. *(Mwanza)*

JIBU: Inawezekana inatosha kweli, we tuambie waya. Mara nyingi jenereta inawekwa mbali ili isipige kelele, mita 50, kwa ekstensheni nyembamba ile ya taa. Waya wa shaba wa milimita 0.75 kwa umbali huo, ukivuta ampea 10, unameza karibu volti 25 njiani, ule wa milimita 2.5 unameza kama 7 tu. Jenereta yenyewe ikipewa mshtuko inashuka kidogo, jumlisha na hizo 25, amplifaya inaona umeme umepungua inajizima kujilinda. Siku moja kule Tabata nilishika ekstensheni ya mwenye shughuli iliyokuwa bado imeviringishwa kwenye gurudumu lake, ilikuwa ya moto na plastiki imeanza kulainika, hiyo siyo besi kukatika tena, hiyo ni moto kwenye turubai na watoto wako pale chini.

Nunua waya wako mwenyewe wa milimita 2.5, mita 50, wenye njia ya ethi, na uufungue wote kabla ya kuwasha. Friji ya vinywaji na taa kubwa zisiwe laini moja na mziki. Washa jenereta kwanza, mixa ifuate, sabufa na spika ziwe za mwisho, kuzima ni kinyume chake. Halafu weka mita ya kupima volti kwenye soketi ya karibu na sabufa, besi ikipiga iangalie, ikishuka chini ya 200 na waya ni mzuri, hapo ndo umwambie mwenye jenereta kilowati zake alete kubwa zaidi.

---

SWALI: Naweza kuanza na sabufa ya nyumbani ile ya redio na vispika viwili? *(Dodoma)*

JIBU: Kwa bethdei ya sebuleni watu 20, sawa. Ukitoka uani hapana, ile haikutengenezwa kufanya kazi masaa sita ikiwa imefunguliwa mwisho. Hiyo hela kodi mziki wa mtu kwa shughuli tatu nne, jifunze juu yake, halafu niandikie tena nikusaidie kuchagua yako.