Jumuiya ya Historia Asilia: wanafanya nini mwaka mzima, na mwanachama wa kawaida anaingia wapi?

Dada, umeuliza swali ambalo wengi huliuliza pembeni. Una shahada ya biolojia, kazi ya fani yako bado hujapata, umesikia kuna Jumuiya ya Historia Asilia ya Afrika Mashariki, ile ambayo siku hizi inajulikana zaidi kwa jina la Nature Kenya, na unataka kujua kama ukilipa ada utapata la kufanya au utaishia kuwa na kadi tu. Mwenzetu mmoja hapo juu amekujibu kwamba hicho ni chama cha wazee wa Kizungu wenye darubini. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Kilifi, mwanachama wa miaka mingi, na naona jibu hilo linakunyima kitu kizuri. Nitaandika kwa urefu kidogo, univumilie.

Kuhusu chimbuko lake, mwenzetu hakukosea. Jumuiya ilianzishwa 1909, na waanzilishi walikuwa watu wa serikali ya kikoloni, wamishonari na walowezi waliopenda kukusanya vipepeo, mimea na ndege. Mwaka uliofuata walifungua makumbusho madogo ya kuweka makusanyo yao, pale pale ambapo leo limesimama jengo la Nyayo House. Makumbusho hayo yakahama, yakakua, na tangu 1930 yako pale Museum Hill. Ndiyo hayo Makumbusho ya Taifa ya Nairobi unayoyajua. Kwa maneno mengine, makumbusho yalizaliwa na jumuiya, na kwa miaka mingi ofisi za jumuiya zilikuwa ndani ya uwanja huo huo. Jarida lao la kisayansi lilianza 1910, na mtafiti akitaka kujua mmea fulani ulionekana wapi zamani hizo, huko ndiko anakokwenda kutafuta.

Lakini ya 1909 tuyaache hapo. Ukija leo kwenye matembezi yao utakuta wanafunzi wa vyuo, waongoza watalii, akina mama waliostaafu, wakulima. Kinachowaunganisha ni kitu kimoja, na hicho ndicho ninachotaka ukishike: kazi ya jumuiya hii ni kurudi. Kurudi mahali pale pale, msimu ule ule, mwaka baada ya mwaka, na kuandika ulichokikuta. Wataalamu wenye mshahara hawatoshi kwa kazi hiyo nchi nzima. Anayeifanya ni mwanachama.

Chukua hesabu ya ndege wa majini ya Januari, ambayo kwangu ndiyo sikukuu kuu ya mwaka. Imekuwa ikifanyika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na inaendeshwa pamoja na kitengo cha ndege cha Makumbusho na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Vikundi vya kujitolea hugawanywa kwenye maziwa ya Bonde la Ufa: Naivasha, Nakuru, Elmenteita, Bogoria, Magadi. Wengine hubaki Nairobi wakahesabu mabwawa, hata yale ya majitaka ya Dandora ambayo ndege huyapenda sana. Sisi wa pwani tunachukua hori ya Mida (mkono wa bahari pale Watamu) na mlango wa mto Sabaki. Januari imechaguliwa kwa sababu wakati huo Ulaya na Asia ya kaskazini kumeganda, na ndege wa huko wako kwetu kwa wingi, wametulia, hawajaanza kujiandaa kurudi.

Nikueleze siku yenyewe ya Mida inavyokwenda, maana ndipo utakapoona mgeni anaingia wapi. Kwanza hatuangalii saa, tunaangalia maji. Maji yakiwa yamekupwa, tope linakuwa wazi kwa eneo kubwa mno na ndege wanatawanyika mbali, wanaonekana kama nukta. Kwa hiyo tunataka maji yanayojaa, na bamvua, maji yanapojaa sana, ni bora kuliko maji mafu, yanapojaa kidogo, kwa sababu bahari inapopanda inawasukuma ndege wote wajikusanye kwenye vipande vichache vya mchanga vilivyobaki karibu na mikandaa. Hapo ndipo unapowahesabu. Mmoja anashika darubini kubwa ya miguu mitatu na hatoi jicho. Wa pili anakaa ubavuni mwake na karatasi, anaandika anachoambiwa. Watatu anaangalia angani, kwa sababu kundi likiruka na kutua upande wa pili litahesabiwa mara mbili kama hakuna aliyeliona likiondoka.

Kundi la ndege elfu moja halihesabiwi mmoja mmoja. Unahesabu kumi kwanza, unalizoesha jicho lako kujua kumi ni ukubwa gani, kisha unatembea na kumi hiyo kundi zima. Likiwa kubwa zaidi unapanda hadi hamsini, hadi mia. Kisha mwenzako anarudia peke yake bila kusikia hesabu yako, na mnalinganisha. Vijana wa kidato cha tatu niliowahi kuwapeleka walishika kazi hiyo kabla ya maji kuanza kupwa. Kazi ngumu zaidi ni kutofautisha jamii za chamchanga na vitwitwi, ndege wadogo wa ufukweni wanaofanana, na hiyo anaachiwa mzoefu huku wewe ukijifunza pembeni. Lakini yule mweusi na mweupe mwenye mdomo mnene mweusi, anayekula kaa, hata mtoto humtambua. Huyo huzaliana visiwani na pwani za upande wa Arabuni na Ghuba, na Mida ni mojawapo ya mahali panapojulikana duniani kwa kumpokea.

Jambo moja ambalo wageni hulishangaa: sufuri nayo inaandikwa. Kama mahali fulani kila mwaka huwa na heroe (flamingo) na mwaka huu hakuna hata mmoja, unaandika sufuri, tarehe na majina ya waliohesabu. Tazama yaliyotokea Nakuru. Ziwa lile lilikuwa maarufu kwa heroe tangu zamani. Maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yalipoanza kupanda mwongo uliopita, chumvi ya Nakuru ikapungua, chakula cha heroe kikapungua nacho, na wengi wao wakahamia Bogoria na kwingineko. Mtu yeyote anaweza kusema “zamani walikuwa wengi.” Ni zile karatasi za kila Januari zinazoweza kusema walipungua lini, walikwenda wapi, na kama walirudi. Kuna watu waliosimama kando ya maziwa yale juani mwaka hadi mwaka bila kulipwa ili jibu hilo lipatikane, na mimi nawaheshimu sana. Hesabu nyingine hufanyika Julai kwa baadhi ya maeneo, wakati wageni wa kaskazini hawapo, ili tujue wenyeji wako wangapi.

Uko Nairobi, kwa hiyo mlango wako wa kwanza usiwe Januari. Uwe Jumatano. Kila Jumatano asubuhi watu hukutana Makumbusho na kwenda matembezi ya kuangalia ndege, na matembezi hayo yamekuwepo tangu 1971. Mama Fleur Ng'weno aliyaongoza kwa miongo mingi, na waongoza watalii wengi wazuri wa Kenya walianza kujua ndege kwa kutembea nyuma yake. Huhitaji kuwa na darubini siku ya kwanza, utaazimwa na jirani. Kama Jumatano una shughuli, kuna Jumapili moja ya mwezi ambayo huenda mbali kidogo na mji. Anayependa mimea ana Succulenta, kikundi cha mimea inayohifadhi maji. Wa nyoka na vyura nao wana wenzao. Pia kuna mihadhara, mkutano mkuu wa mwaka ambapo mwanachama anapiga kura na kuuliza fedha zimetumikaje (nenda, uulize), na maktaba ambayo kwa mtu mwenye shahada yako peke yake inatosha kurudisha ada.

Sasa nikuambie habari ya Dakatcha, kwa kuwa ndiyo inayojibu vizuri zaidi lile la “chama cha Wazungu.”

Kuna ndege wa jamii ya kwera, dume wake ni mweusi mgongoni na manjano tumboni, ambaye ulimwengu mzima anapatikana katika kaunti yetu ya Kilifi tu: msitu wa Arabuko-Sokoke na misitu ya Dakatcha kaskazini yake. Kitaalamu alielezwa mara ya kwanza 1913. Karne nzima ikapita, hakuna mwanasayansi aliyejua anajenga kiota wapi. Wataalamu walikisia kwamba huenda anajenga juu kwenye miti ya miombo. Ikaja 2013, mvua za Machi zikajaza kinamasi kimoja cha msimu huko Dakatcha, na watu wa kikundi cha uhifadhi cha wenyeji wa pale, pamoja na Nature Kenya na wenzao wa A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi la Watamu, wakawakuta ndani ya majani marefu ya majini, wanasuka viota. Si juu ya miti hata kidogo.

Fikiria maana yake. Kama wangeendelea kulinda miti peke yake, kinamasi kile kingeweza kulimwa mananasi na hakuna ambaye angejua kilichopotea. Na aliyewezesha kujua ni mtu anayeishi pale, anayejua mvua imenyesha wapi na maji yametuama wapi, ambaye amefundishwa kuangalia na kuandika. Vikundi vya namna hiyo viko sehemu nyingi: Kinangop, kwenye zile nyasi za nyanda za juu wanamoishi ndege wa manjano ambao hawapatikani nje ya Kenya, Taita, delta ya Tana, Kakamega. Kila mwaka vinajaza fomu za hali ya eneo lao, miti iliyokatwa, mifugo iliyoingia, ndege walioonekana. Maeneo yenye umuhimu kwa ndege yalipoorodheshwa kitabuni 1999 yalikuwa 60, na orodha ya namna hiyo bila watu wa kuifuatilia ni karatasi tu. Kwingine, kama Kinangop, Taita na huko Dakatcha, jumuiya imechangisha na kununua ardhi ili isilimwe. Michango ya wanachama imo humo.

Ngulia, hoteli iliyo mbugani Tsavo Magharibi, nitaigusa tu, maana kazi ya pale si ya kila mtu. Tangu 1969, kila Novemba na Desemba, kikundi cha wavisha ndege pete hukaa pale usiku wa ukungu usio na mbalamwezi. Ndege wanaosafiri usiku kutoka kaskazini hupotezwa na ukungu, huvutwa na taa za hoteli, hunaswa kwenye nyavu nyembamba, huvishwa pete, hupimwa na kuachiwa. Hiyo inahitaji mafunzo ya muda mrefu. Ukitaka kuanza njia hiyo, waone wa Makumbusho, nao watakwambia hatua.

Kilicho rahisi na unaweza kukianza wiki hii ni ramani ya ndege wa Kenya (Kenya Bird Map). Nchi imegawanywa vipande vya takriban kilomita 9 kwa 9. Unachagua kipande, unatembea humo angalau saa mbili, unaandika kila jamii unayoiona au kuisikia kwa mpangilio uliowaona, na unatuma kwa simu. Kwa maoni yangu, chagua kipande cha kijijini kwenu kuliko Nairobi. Nairobi imejaa orodha. Kwenu pengine hakuna mtu aliyewahi kuandika hata mstari.

Upande ambao si mzuri nao uujue. Nauli na chakula cha safari nyingi ni vyako, na kwa mtu asiye na kazi hilo linauma. Uliza mapema kama kuna gari la pamoja. Ripoti karibu zote ni za Kiingereza, na mimi nimeshasema mara nyingi kwenye vikao kwamba mzee wa Dakatcha aliyeonyesha kinamasi anastahili kusoma matokeo kwa lugha anayoielewa. Bado nalisema, na nitaendelea kulisema. Na kama unajiunga ili upate cheti cha kuambatisha kwenye barua ya kuomba kazi, utachoka kabla ya masika. Wapo waliopata kazi kwa njia hii, nimewaona, lakini walipata kwa kuwa watu walishawazoea uwanjani na kujua kwamba wakisema wameona kitu, wamekiona.

Kwa yule ndugu wa Kampala aliyeuliza kama na wao wana chao: ndiyo, NatureUganda ni tawi la jumuiya hii hii lililosimama kwa miguu yake, na wao pia wana hesabu zao.

Kwa hiyo dada, anza na Jumatano. Tembea nao mpaka uzoee, jaza vipande viwili vitatu vya ramani ya kwenu, halafu Januari ukiweza kufika Watamu niandikie, kundi la Mida halijawahi kuwa na waandishi wa kutosha. Njoo na kofia, maji ya kunywa, viatu ambavyo huvionei huruma, na kalamu ya risasi. Ya wino usiilete: karatasi ikirukiwa na maji ya chumvi, hesabu ya asubuhi nzima inafutika.