Mbeya mpaka Guangzhou, China, ni masaa mangapi? Nilijibiwa vibaya, nikaumia

Juzi binti mmoja wa Tukuyu ameniandikia: "Dada, mpaka Guangzhou ni masaa mangapi kwa ndege? Nataka nikafuate mzigo mwenyewe." Swali hilohilo niliuliza mimi nilipoanza kuuza viatu sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, nikajibiwa kwa mkato.

Songwe, uwanja wetu wa ndege wa Mbeya, hadi Dar saa moja na kidogo. Dar hadi Dubai matano na nusu. Dubai hadi Guangzhou saba na kitu. Nikajumlisha nyuma ya daftari la madeni, nikapata kumi na manne. Kwa mstari ulionyooka Dar na Guangzhou zimeachana kilomita kama 8,700; ukipitia Dubai unakaribia 9,800. Hesabu hizo ni za kweli, ila ukungu haumo.

Siku ya safari, saa 1 asubuhi, niko Songwe na begi langu. Ukungu umeshuka hata uzio huuoni. Tukasikia ndege ikinguruma juu yetu, inazunguka, inasogea, inafifia. Mzee mmoja aliyejifunika shuka akasema, "Hiyo inarudi Dar." Kweli ikarudi. Saa 4 tukatangaziwa hakuna safari mpaka kesho. Ndege yangu ya Dubai ilikuwa saa 5 usiku uleule.

Nikadaka basi lililotoka Tunduma. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800. Makambako sikushuka hata kununua chai. Kitonga tukakuta lori limekwama kwenye kona, foleni imeshika mlima mzima. Mikumi mbugani basi likatambaa kwa spidi 50, maana pale wanyama wanavuka. Saa 5 usiku ilinikuta bado sijaona taa za Morogoro, kichwa nimeegemeza kwenye kioo, tiketi mkononi.

Tiketi nilizikata mbili mbalimbali, kila moja kwa kampuni yake. Wa kwanza wakasema kazi yao ilikuwa kunifikisha Dar tu. Wa pili wakasema ndege iliondoka na abiria hakutokea. Hela ile ilikuwa mtaji wa miezi minane. Sauti ya yule dada wa kaunta, "hatuwezi kukusaidia," mpaka leo naisikia.

Ndugu zangu wa Nyanda za Juu, tujiheshimu kwenye safari zetu. Lala Dar usiku mmoja. Narudia, lala Dar. Ukipata tiketi moja inayokufikisha mwisho, chukua hata kama imezidi bei kidogo, kwani ukichelewa njiani ni juu yao kukutafutia ndege nyingine. Na soma saa vizuri: tiketi ikiandika Ijumaa 00:40, hiyo ni usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Ukienda Ijumaa usiku umeshaachwa.

Mwezi uliopita nimekwenda kwa mara ya nne. Nilifunga mlango wangu Jumatatu saa 1 asubuhi, nikalala Dar, Jumanne jioni nikaruka. Nilipotua Guangzhou Jumatano, saa yangu ya mkononi ilikuwa bado ya Mbeya, inasema saa 3 asubuhi. Kwao ilikuwa saa 8 mchana, wametutangulia masaa matano. Hesabu mwenyewe: masaa 50 tangu nifunge mlango, na nilishuka na nguvu zangu, siku ya pili niko sokoni nachagua viatu.

Kwa hiyo mdogo wangu, andika 50, halafu ongeza njia yako ya Tukuyu mpaka Songwe. Kabla hujalipia, nitumie tarehe zako nizitazame.