Ukiacha Sigara, Jiandae Kukohoa Kwanza

Wengi huacha sigara wakitarajia kifua kufunguka kesho yake. Mimi nilianza kukohoa kuliko nilipokuwa navuta. Kila asubuhi nainamia sinki, makohozi mazito ya kahawia yanatoka, hadi mwenzangu akaniuliza kama si bora ningeendelea tu. Alikuwa anatania, ila najua watu waliorudi kwenye sigara kwa sababu hiyohiyo.

Ndani ya njia za hewa mna vinyweleo vidogo mno ambavyo kazi yake ni kusukuma makohozi na uchafu kwenda juu. Moshi huvidumaza. Ukiacha, vinaanza kuota upya na kurudi kazini, na shehena iliyolala humo miaka yote inahamishwa. Kunywa maji ya kutosha na uvumilie. Kwa kawaida kikohozi na kuhemahema hupungua kati ya mwezi 1 na miezi 9 baada ya kuacha. Lakini ukikohoa damu, kifua kikiuma au ukikonda bila sababu, usijipe moyo kwa maneno yangu. Nenda hospitali.

Mengine hayachelewi hivyo. Dakika 20 tu baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo huanza kushuka. Ndani ya siku moja au mbili, kaboni monoksidi, ile gesi inayopora nafasi ya oksijeni kwenye damu, hurudi kiwango cha kawaida. Pua nayo huamka. Koti langu mwenyewe lilinishinda kwa harufu, nikalifua mara mbili na bado.

Arosto, yaani mwili kudai nikotini uliyoizoea, hupamba moto siku 2 au 3 za kwanza, kisha hupoa taratibu kwa wiki 2 hadi 4. Hamu yenyewe ikikupanda hudumu dakika chache tu, hivyo shughulisha mikono mpaka ipite. Plasta na chingamu za nikotini zinasaidia kweli, na sioni aibu yoyote kuzitumia.

Kitu ambacho sikuambiwa na mtu ni kahawa. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini haraka. Ukiacha, kikombe kilekile ulichozoea kinakaa mwilini muda mrefu zaidi: mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, usiku macho makavu, nawe unasingizia arosto. Punguza kahawa hadi nusu uone. Baadhi ya dawa nazo huathirika hivyohivyo, mfano theofilini (ya pumu) na klozapini (ya maradhi ya akili), kwa hiyo mwambie daktari wako kwamba umeacha.

Uzito? Wengi huongeza kilo 4 au 5 mwaka wa kwanza. Ziache ziongezeke, utazishughulikia baadaye.

Baada ya mwaka 1, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo iliyoletwa na sigara hushuka kwa nusu hivi. Baada ya miaka 10, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu huwa karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Si kila kitu kinapona, tusidanganyane: vifuko vya hewa vilivyokwisha kubomoka kwenye mapafu havijengeki tena. Kinachobadilika ni kasi ya uharibifu, na ndiyo maana hata aliyekwisha kuambiwa mapafu yake yameharibika bado anafaidika akiacha leo. Mimi ngazi bado zinanihemesha, ila siku hizi sisimami katikati.