Risiti za milioni 9, na dalali anataja saba

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni msomaji wako wa Ilazo, Dodoma. Nina Toyota MR-S ya 2001, siti mbili, gia za mkono, namba D. Niliagiza Japani kabla sijaoa. Tangu hapo nimelifunga rimu za inchi 17, springi fupi za kulishusha, ekzosi mpya kuanzia kwenye manifodi, filta ya hewa ya wazi, stelingi ndogo na mziki. Nikalipiga na rangi nyeusi isiyong'aa, ingawa kadi bado inasema ni la fedha. Risiti za vitu hivyo tu zinafika kama milioni 9. Mwezi wa tatu tumepata mtoto wa pili, na tukienda kliniki yule mkubwa inabidi abaki kwa jirani. Nataka kuuza milioni 20 nitafute gari la familia. Dalali wa hapa mjini anasema saba, na anasema hapo amenionea huruma. Nirudishe vitu vya zamani au niuze lilivyo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongereni kwa kupata mtoto.

Zile risiti ziweke kando kwa muda. Anayenunua MR-S analipia MR-S. Stelingi uliyoipenda wewe yeye ataitoa wiki ya kwanza, na mziki ataona amepewa bure. Hesabu ya kuanzia ni hii: leo mtu akiagiza MR-S ya mwaka huo ambayo haijaguswa, mpaka ifike Dodoma atalipa nini? Jumlisha bei ya kule, meli, bandari, ushuru, pamoja na ule wa uchakavu unaotozwa magari ya zamani. Utakuta kwamba ushuru huo unakubeba, kwa sababu kuagiza gari la 2001 sasa hivi si rahisi hata kidogo. Hiyo jumla ndiyo mwisho wako wa juu. Toa kilomita zilizotembea hapa nchini, toa hali ya bodi na turubai la paa, utapata bei ya kutaja bila kigugumizi. Milioni 20 zako na saba za dalali, zote mbili zimetajwa bila kupiga hesabu hiyo.

Katika orodha yako nzima kuna kitu kimoja chenye thamani kubwa, nawe umekipita haraka: manifodi, lile bomba linalopokea moshi moja kwa moja kutoka kwenye injini.

Manifodi ya MR-S iliyotoka kiwandani ina masega mawili madogo ndani yake, yaani katalisti ndogo za kusafisha moshi, yamekaa jirani kabisa na injini. Yakizeeka yanamomonyoka, na chembe zake zinaweza kuvutwa kurudi kwenye silinda. Zikiingia zinakwaruza kuta, na injini inaanza kula oili. Hii injini ni 1ZZ-FE, na zile za miaka ya mwanzo kama yako zilikuwa na tatizo lake lingine la ringi za pistoni linalozifanya zile oili. Mnunuzi anayelijua gari hili atakuja na hofu hizo mbili kichwani. Kwa hiyo manifodi uliyofunga iache hapo hapo, ni tiba.

Ila nataka nijue ile ya zamani iko wapi. Kama ipo stoo, itoe, ipanguse, umulike ndani kwa tochi kupitia upande wa injini. Masega yakiwa mazima, vitundu vimejipanga kama nyumba ya nyuki na kingo hazijalika, huo ni ushahidi mkubwa kuliko maneno yako yote: hakuna kilichoingia kwenye silinda. Mwekee mnunuzi mkononi aangalie mwenyewe. Na kwa sababu watu wa kununua masega wanapita kila gereji, usikubali kuwauzia hata wakikubembeleza, mpaka gari liondoke.

Filta ya wazi itoe leo. Kwa vumbi letu la Dodoma, na ule upepo wa Julai na Agosti, sikuwahi kuelewa kwa nini vijana wanaifunga. Rudisha boksi la kiwandani na filta mpya. Kabla hujalifunga, pitisha kitambaa cheupe ndani ya mpira wa hewa unaokwenda injini. Kikitoka na wekundu, vumbi limepita. Safisha njia nzima na umweleze mnunuzi, maana fundi wake atapitisha kitambaa hicho hicho.

Springi fupi nazo zitoe, urudishe za kiwandani. Mnunuzi akikwaruza tumbo la gari kwenye tuta la kwanza, unapunguziwa bei kabla hamjafika la pili. Rimu ziuze peke yake. MR-S ina matundu manne ya bolti, 4x100, sawa na IST na Vitz, na magari hayo yamejaa mjini. Mradi upana wake ni wa kawaida utapata mteja. Ukirudisha za inchi 15 kumbuka tairi za mbele na nyuma hazilingani: mbele 185/55, nyuma 205/50. Nimeshaona gari la aina hii limefungwa saizi moja pande zote, na mwenye gari anashangaa linateleza kwenye kona.

Rangi ni suala la kadi. Nenda TRA ukabadilishe taarifa kabla hujatangaza. Gari jeusi lenye kadi ya fedha linamfanya mtu mwenye pesa aondoke kimya kimya.

Kuhusu mteja, Dodoma ni mji wa Noah na Prado, kwa hiyo tangaza mpaka Dar. Mtu akipanda SGR asubuhi, mchana yuko hapa na fundi wake. Atakuuliza spea. Mjibu kwamba injini hii imo kwenye Wish, Premio na Allion za kizazi cha kwanza za cc 1800, vitu vyake vingi vinapatikana. Taa na turubai ndivyo vya kuagiza, na useme hivyo wazi. Muache akute injini ya baridi, achomoe kijiti cha oili mwenyewe, aiwashe mwenyewe. Usijaze oili nzito ili kuficha moshi. Akitaka kuliendesha, angalia leseni yake, kaa siti ya pembeni, mwelekeze barabara ya Iringa mpaka Mkonze mrudi.

Malipo myafanye benki, na pesa uione kwenye akaunti yako. Meseji ya simu usiiamini. Halafu usimkabidhi ufunguo na kadi mkaagana kwa ahadi. Nilipouza Altezza yangu nilifanya hivyo, mnunuzi akasema atabadilisha jina mwisho wa mwezi. Faini za mwendokasi ziliendelea kuja kwa jina langu karibu mwaka mzima, na siku gari lile lilipogonga bodaboda, simu ya kwanza ya polisi ilikuja kwangu nikiwa msibani Kondoa. Sijasahau. Mkataba mbele ya wakili, vitambulisho na TIN zenu wote wawili, muende TRA pamoja siku hiyo hiyo. Kabla ya hapo angalia kwa namba ya gari kama kuna faini inayodaiwa, uilipe.

Ukishaitoa manifodi stoo, ipige picha ndani kwa mwanga wa tochi unitumie kabla hujaongea tena na dalali.