Je, Binti Yangu Aanze na Kitabu cha Tatu?

SWALI: Shangazi yake binti yangu alimletea zawadi ya kitabu cha Robin Stevens kiitwacho First Class Murder. Binti ana miaka 11 na Kiingereza anakimudu vizuri, ila nilipoona ni habari za mauaji nilisita kumpa. Je, kinamfaa? Tena nasikia ni cha tatu katika mfululizo. Aanze nacho hivyo hivyo?
Mzazi, Milimani, Kisumu

JIBU: Kinamfaa, lakini asianze nacho. Riwaya hizi zimeandikiwa watoto wa rika lake hasa, na ingawa maiti haikosekani, mwandishi hang'ang'anii damu. Anachofuatilia ni nani alikuwa wapi, saa ngapi, na nani amesema uongo.

Mtafutie kwanza Murder Most Unladylike, kilichotoka mwaka 2014. Katika shule ya bweni ya wasichana ya Deepdean, Uingereza, mwaka 1934, Hazel Wong anamkuta mwalimu wa sayansi, Bi. Bell, amekufa katika ukumbi wa mazoezi, na anaporudi na wenzake maiti imetoweka. Yeye na rafiki yake Daisy Wells wana chama chao cha siri cha upelelezi: Daisy ni rais, Hazel ni katibu, na ni Hazel anayetusimulia.

Hapo ndipo penye utamu wenyewe. Hazel ametoka Hong Kong, iliyokuwa koloni la Uingereza, na kwa kuwa ni mgeni kati ya wasichana wa Kiingereza, ambao baadhi yao humdharau kwa asili yake (zungumza na binti kuhusu jambo hilo), huona mengi ambayo wenyeji wameyazoea. Mtoto wa Kisumu aliyepelekwa bweni mbali na kwao atamwelewa upesi. Mwanzoni Hazel humfuata Daisy kwa kila neno, kisha polepole anajifunza kumpinga. Katika kitabu cha tatu, wanaposafiri kwa treni ya Orient Express na baba yake Hazel, ambaye amewakataza upelelezi, ujasiri wa Hazel hauna uzito kwa msomaji ambaye hakuwahi kumwona akinyamaza.

Akivipenda, mwongoze hadi cha sita, A Spoonful of Murder cha mwaka 2018, kwa maana huko Hong Kong ni Daisy aliye mgeni, na Hazel ndiye anayejua njia.