Je, tujenge bweni la yatima au tuwasaidie watoto wakiwa kwao?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Kikundi chetu cha akina mama kimetuma sadaka kwa miaka mitatu kwenye kituo cha kulelea yatima katika nchi maskini. Sasa wanaomba tuwajengee bweni jipya. Dada mmoja akauliza kikaoni kama watoto wale kweli hawana wazazi, akasema ni afadhali fedha ziende kwa familia zao. Wengine walimkasirikia, wakasema anapinga Yakobo 1:27. Nani yuko sahihi?

JIBU: Asifiwe sana, dada. Huyo mwenzenu hajapinga Yakobo. Nadhani amemsoma vizuri kuliko wengi wetu.

Fungueni mstari wenyewe: "Kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao." Kwanza, neno la Kigiriki lililotafsiriwa "kuwatazama" ndilo lile la Mathayo 25:36, "nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama." Ni kumwendea mtu pale alipo na kumhudumia. Pili, Yakobo hakumtaja yatima peke yake, amemtaja pamoja na mjane. Torati nayo hufanya hivyo mara kwa mara. Katika Kumbukumbu la Torati 24, mganda uliosahauliwa shambani ni wa mgeni, yatima na mjane. Katika Biblia yatima mara nyingi ni mtoto aliyefiwa na baba, na huyo mjane anayetajwa kando yake anaweza kabisa kuwa mama yake. Tukimchukua mtoto tukamwacha mama, tumeukata mstari katikati.

Tazama 2 Wafalme 4. Mama amefiwa na mume, mdai anakuja kuwatwaa wanawe wawili wawe watumwa. Elisha angeweza kuwachukua vijana wale wakakae na wana wa manabii, na sisi tungemsifu. Lakini alimwuliza mama, "Una kitu gani nyumbani?" Mafuta yakauzwa, deni likalipwa, na kilichobaki kikawa cha kuishi yeye na wanawe. Nyumba ile haikuvunjika. Hata binti Farao, ambaye hakumjua Mungu wa Israeli, alimkabidhi Musa kwa mwanamke wa Kiebrania amnyonyeshe kwa mshahara (Kutoka 2:9), na mwanamke huyo alikuwa mama yake mzazi! Huniambii kwamba Mungu hakuwa na mkono wake hapo.

Hofu ya dada yenu ina msingi. Watoto wengi wanaoishi katika vituo vya yatima duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Kilichowafikisha pale ni njaa, ada ya shule au ugonjwa wa mzazi. Mama anasikia kwamba kituoni kuna chakula na daftari, anampeleka mwanawe huku analia. Ndiyo maana miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala, yaani mtoto kulelewa na wasio wazazi wake, inasema umaskini peke yake usiwe kamwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake. Na bweni jipya likishajengwa, vitanda vitatafuta watoto.

Kuna pia suala la ukuaji. Mjini Bucharest, Romania, utafiti ulioanza mwaka 2000 uliwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa vituoni. Nusu yao walipewa familia za kuwalea, na hao kwa jumla wakawazidi wenzao kiakili, hasa waliopata familia mapema. Mlezi anayebadilishana zamu na wenzake, hata awe na upendo mwingi, hawezi kuwa mama wa watoto thelathini.

Sisemi vituo vyote ni vibaya. Mhubiri George Müller alipofungua nyumba yake ya kwanza ya yatima kule Bristol, Uingereza, mwaka 1836, alipokea watoto waliofiwa na wazazi wote wawili. Wapo watoto wa namna hiyo hata leo, na wapo ambao kwao ndiko wanakopigwa. Hao wanahitaji mahali salama, na ikiwezekana familia ya ndugu au ya waumini itakayowapokea.

Nawasihi msikate msaada ghafla, maana watakaolala njaa si wakurugenzi. Kabla ya kutoa fedha za bweni, mwandikieni msimamizi kwa upole. Ulizeni ni watoto wangapi wana mzazi, bibi au shangazi aliye hai. Mara ya mwisho walionana lini. Na mwaka uliopita wangapi walirudishwa nyumbani. Akikasirika kwa maswali hayo, subirini kwanza. Akijibu kwa uwazi, mwambieni kikundi kiko tayari kutoa fedha zilezile kwa ada, matibabu na mtaji mdogo wa mama wanaotaka kuwachukua watoto wao. Na huyo dada yenu mpeni nafasi ya kuandika barua hiyo.